Vioo vya madirisha kando ya ngazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojenga Tanga

Maswali haya hurudi kila nyumba ya ghorofa inapofika hatua ya madirisha, iwe Raskazone, Kange au Pongwe. Vipimo vilivyotajwa vimetoka kwenye kanuni ya ujenzi wa nyumba za kuishi ya Marekani, IRC, na mwongozo wa Uingereza uitwao Approved Document K. Kibali chako cha ujenzi hutolewa na Halmashauri, kwa hiyo mhandisi wake akitaka zaidi ya haya, fuata anachotaka.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini kioo cha dirisha la ngazini kiwe tofauti na cha chumbani?

Kwa sababu ngazini ndipo watu wanapoanguka. Mtu akijikwaa sebuleni ana nafasi ya kupiga hatua mbili tatu akajizuia. Akiteleza ngazini, mwili mzima unakwenda mbele na chini kwa pamoja, na mkono unatafuta chochote cha kushika. Kama pembeni kuna kioo, mkono au bega litaishia hapo.

Fikiria maisha ya kawaida ya nyumba zetu. Ngazi za vigae zimetoka kudekiwa na bado zina maji. Umeme umekatika saa mbili usiku. Siku ya Idi watoto wa ndugu wanne wanakimbizana juu na chini. Vijana wanapandisha kitanda cha mninga na wa nyuma haoni anakokanyaga.

Kioo cha kawaida kikipasuka hutoa vipande virefu vyenye ncha na makali kama ya kisu, na vingine hubaki vimening'inia kwenye fremu. Jeraha baya mara nyingi halitokani na mkono kuingia, bali na ule mshtuko wa kuuvuta nyuma: ndipo kioo kinapochana mishipa ya kifundo cha mkono au ya kwapa.

2. "Kioo cha usalama" ni kipi hasa?

Ni vya aina mbili, na havifanani kabisa.

Cha kwanza ni tempa. Ni kioo cha kawaida kilichokatwa kwa kipimo, kikaingizwa tanuruni hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo mkali pande zote mbili. Uso wake unaganda kwanza na kubaki umejibana, huku kiini kikiuvuta. Kinakuwa na nguvu takriban mara nne ya kioo cha kawaida cha unene huohuo, na kikivunjika humwagika chenga ndogondogo zisizo na ncha ndefu. Chenga hizo zinaweza kukwaruza, lakini hazichomi kama kisu.

Cha pili ni lamineti: vioo viwili vilivyobandikwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Kikigongwa kinajaa nyufa lakini vipande vinabaki vimeshikwa na utando. Ukiona bei ya "6.38", maana yake ni vioo viwili vya milimita 3 na utando wa milimita 0.38.

Kipi uchague inategemea dirisha liko wapi. Tazama swali la 8.

3. Fundi anasema ataweka kioo cha milimita 6 na kwamba ni kigumu, kinatosha. Ni kweli?

Si kweli, na hili ndilo jibu ninaloomba ulishike kuliko mengine yote. Unene na usalama ni vitu viwili. Kioo cha kawaida cha milimita 6 kitavumilia kishindo zaidi ya kile cha milimita 4, lakini siku kikishindwa kitatoa vipande vilevile virefu, tena vizito zaidi. Kila mita moja ya mraba ya kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, hivyo kioo cha milimita 6 chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 2 kina kilo 30. Fikiria kilo hizo zikishuka vipandevipande juu ya mtoto aliyelala chini ya ngazi.

Swali la kumuuliza fundi ni hili: "Kikivunjika, kitavunjikaje?"

4. Na kile chenye waya ndani?

Waya huo wa kizamani uliwekwa kwa ajili ya moto, ili kioo kisidondoke haraka kikipasuka kwa joto. Kwa mtu anayekiangukia si msaada. Kioo kinapasuka kirahisi kuliko cha kawaida cha unene uleule, na mkono ukipenya unanaswa kati ya waya na vipande. Kando ya ngazi usikiweke.

5. Nikibandika tinti?

Tinti ya kawaida ya kuzuia jua, hapana. Ni nyembamba mno. Kuna utando maalumu wa usalama wenye unene wa takriban mikroni 100 au zaidi, ambao hushika vipande kioo kinapopasuka. Huo una faida kwa nyumba iliyokwisha jengwa, mradi ubandikwe uso mzima hadi karibu kabisa na fremu, na muuzaji akuoneshe cheti cha majaribio ya kugongwa. Kwa nyumba mpya sioni sababu ya kununua kioo cha kawaida ukijua utakibandika utando.

## Vipimo

6. Dirisha gani linahesabiwa kuwa "karibu na ngazi"?

Kwa kanuni ya IRC, dirisha linahitaji kioo cha usalama endapo ukingo wa chini wa kioo uko chini ya sentimita 91 (inchi 36) kutoka pale mguu unapokanyaga, na kioo kiko ndani ya sentimita 91 kwa upande kutoka njia ya ngazi. Hii inahusu vipandio vyenyewe na pia lendingi, yaani sehemu bapa iliyo kati ya ngazi na ngazi.

Chini kabisa, ngazi zinapoishia, eneo la hatari linapanuka, kwa sababu mtu aliyeanguka kutoka juu hafiki na kusimama: anaendelea kwenda. Hapo pima sentimita 152 (inchi 60) kutoka kipandio cha mwisho kuelekea mbele na pembeni. Kioo chochote ndani ya eneo hilo ambacho ukingo wake wa chini uko chini ya sentimita 91 kutoka sakafuni kiwe cha usalama. Sehemu hii husahaulika sana, maana nyumba nyingi mlango wa mbele wenye vioo pembeni umekaa kabisa mbele ya ngazi.

Waingereza wanakwenda kwa njia nyingine: kioo chochote ukutani kilicho kati ya sakafu na sentimita 80, na kwenye milango na vioo vinavyopakana nayo, hadi mita 1.5. Ukifuata kipimo kikubwa zaidi kati ya viwili hivyo hutakosea.

7. Dirisha langu liko sentimita 120 kutoka sakafu ya chini. Si liko juu ya kutosha?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hupimi kutoka sakafuni. Unapima kutoka kwenye kipandio kilicho mkabala na dirisha.

Chukua ngazi ambayo kila kipandio kina kimo cha sentimita 17. Ukisimama kwenye cha nne, umekwisha panda sentimita 68. Dirisha lililokuwa sentimita 120 kutoka sakafuni sasa lina sentimita 52 tu kutoka mguuni pako, yaani usawa wa paja. Panda hadi cha nane: uko sentimita 136 juu, na ukingo wa chini wa kioo umebaki chini ya unyayo wako. Dirisha ni lilelile, lakini kwa anayepanda limegeuka kuwa ukuta wa kioo.

Njia rahisi ya kupima: laza ubao mrefu ulionyooka juu ya ncha za vipandio, ufuate mteremko wa ngazi. Kutoka kwenye ubao huo, pandisha futi ya kupimia wima hadi ukingo wa chini wa kioo. Pima mahali ambapo nafasi ni ndogo zaidi. Ikipungua sentimita 91, agiza kioo cha usalama kwa dirisha zima. Nusu yake haisaidii.

8. Nataka kile kioo kirefu cha ngazini, kuanzia chini hadi karibu na paa. Niweke tempa au lamineti?

Mtindo huu umeenea sana kwenye ramani za sasa, na unaleta mwanga mzuri. Lakini unaunganisha hatari mbili: kukatwa, na kuanguka nje.

Tempa inazuia ya kwanza. Ya pili haizuii. Ikipasuka inamwagika yote kwa mara moja, na fremu inabaki tundu. Mtu aliyegonga kioo kwenye lendingi ya juu anaweza kupita moja kwa moja hadi chini kwenye zege. Ndiyo maana kwa sehemu yoyote ambayo nje yake ni shimo la ghorofa, ushauri wangu ni lamineti, na bora zaidi lamineti iliyotengenezwa kwa vioo viwili vya tempa. Hata ikipasuka, inabaki mahali pake na kumzuia mtu.

Pamoja na hayo weka reli ndani. Mwongozo wa Uingereza unataka kizuizi cha sentimita 90 kwenye ngazi na lendingi za nyumba ya familia moja, chenye nafasi ambazo mpira wa kipenyo cha sentimita 10 haupiti, kwa sababu ya vichwa vya watoto. Reli za kulala zinazofanana na ngazi ya kupandia, watoto huzipanda. Simamisha nondo wima.

Kwa sehemu ya chini, ambako nje ni ardhi tambarare, tempa inatosha.

9. Mhandisi mmoja aliniambia kipimo ni inchi 60 kwenda juu, wewe unasema 36. Nani sahihi?

Matoleo ya IRC ya kabla ya 2012 yalitumia inchi 60 kwa kimo kando ya ngazi. Toleo la 2012 likashusha hadi 36. Mhandisi wako huenda alisomea toleo la zamani, na ukimfuata hupotezi chochote isipokuwa fedha kidogo. Namba 60 imebaki kwenye kipimo cha mbele ya kipandio cha mwisho, kama swali la 6 linavyoeleza.

10. Na dirisha kubwa ambalo haliko ngazini?

Kwa IRC, kioo kinahitaji kuwa cha usalama popote nyumbani kama mambo manne yametimia kwa pamoja: kipande kimoja kinazidi mita za mraba 0.84, ukingo wa chini uko chini ya sentimita 46 kutoka sakafuni, ukingo wa juu umepita sentimita 91, na watu wanapita ndani ya sentimita 91 kutoka kioo hicho.

## Kuagiza na kufunga

11. Nitajuaje kwamba nimeuziwa tempa ya kweli?

Angalia kona. Kioo cha usalama kinapaswa kuwa na muhuri wa kudumu, uliochomwa au kuchongwa kwenye kioo chenyewe, unaotaja kiwango: kwa tempa EN 12150, kwa lamineti EN 14449, au kwa vioo vinavyofuata kanuni za Marekani ANSI Z97.1 au 16 CFR 1201. Ukiweza kuukwangua kwa ukucha, ni stika tu. Mwambie fundi auache muhuri mahali unapoonekana, asiufiche ndani ya fremu.

Kuna njia nyingine kwa tempa: vaa miwani ya jua ya polaraidi, simama kwa pembe na utazame kioo kikipokea mwanga wa anga asubuhi au jioni. Mara nyingi utaona madoa au michirizi ya kivuli iliyopangika. Hiyo ni alama ya upepo uliokipoza. Kioo cha kawaida hakina. Lakini muhuri ndio ushahidi. Miwani ni ya kujiridhisha.

Na kama lipo lori zima la vioo visivyo na muhuri na muuzaji anaapa, rudisha.

12. Fundi wa hapa anaweza kukikata kikiwa kikubwa?

Hapana. Tempa haikatwi, haitobolewi wala haisagwi pembeni baada ya kutoka tanuruni. Ukijaribu, kioo kizima kinageuka chenga. Matundu ya bawaba na ya skrubu yanatobolewa kabla ya kuchomwa.

Kwa mtu wa Tanga hili ni jambo la mpangilio, kwa sababu mara nyingi oda inakwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita kama 350, na ikija imekosea kipimo kwa nusu sentimita hakuna marekebisho. Basi usitoe kipimo kutoka kwenye ramani. Subiri plasta ikauke, vigae vya ngazi viwekwe na fremu isimame. Pima upana sehemu tatu na kimo sehemu tatu, pamoja na mishazari miwili kuona kama shimo limekaa mraba. Kipimo kidogo zaidi ndicho cha kuagizia, ukitoa nafasi ambayo fundi alumini anaihitaji kwa mpira.

Lamineti ya kawaida inaweza kukatwa karakana na fundi anayejua. Lamineti ya tempa haikatwi.

13. Nyumba iko karibu na bahari. Chumvi inaharibu kioo?

Chumvi inashambulia zaidi vinavyokishika: skrubu za chuma, nondo za grili, kona za alumini duni. Skrubu ziwe za stili isiyoshika kutu.

Kwa lamineti adui ni maji yanayokaa pembeni. Yakituama ndani ya fremu msimu mzima wa masika, utando huanza kuachana na kioo ukingoni na kuonesha ukungu mweupe. Hakikisha fremu ina matundu ya kutolea maji chini. Na fundi atumie silikoni isiyo na asidi. Ile inayonuka siki inaweza kudhuru utando pale inapougusa.

Kwa tempa, udhaifu uko kwenye kingo. Kioo kikae juu ya vipande vya mpira, kisiguse chuma wala zege popote. Upepo wa kusi ukilitikisa dirisha, ncha ya skrubu inayogusa ukingo inatosha kukivunja.

14. Tempa ya jirani ilipasuka yenyewe usiku, hakuna aliyeigusa. Je, ni uchawi au ni kioo kibovu?

Kuna chanzo kinachofahamika. Wakati wa kutengeneza kioo, chembe ndogo sana za salfaidi ya nikeli zinaweza kubaki ndani. Baada ya kuchomwa na kupozwa haraka, chembe hizo huendelea kutanuka polepole, pengine kwa miaka, hadi siku zinapovunja kioo. Sababu nyingine za kawaida ni ukingo uliogongwa wakati wa kusafirisha au kufunga.

Viwanda vinaweza kukiweka kioo kwenye joto tena ili vile vyenye chembe vipasuke hukohuko. Kiwango chake ni EN 14179. Kwa kioo kilicho juu ya vichwa vya watu, omba hicho au chukua lamineti.

## Nyumba iliyokwisha jengwa

15. Sina fedha ya kubadilisha vioo sasa. Nifanye nini?

Weka reli mbele ya kioo. IRC yenyewe inakubali kioo cha kawaida kando ya ngazi kama upande wa watu kuna reli iliyo kati ya sentimita 86 na 97 kutoka pale mguu unapokanyaga. Reli hiyo iwe na kimo cha uso kisichopungua milimita 38, na iweze kubeba msukumo wa takriban kilo 75 kwa kila mita bila kugusa kioo. Bomba la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti linaweza kufika hapo. Bomba lililoshikwa kwa skrubu mbili kwenye plasta haliwezi.

Ningeongeza ya pili chini yake kwa ajili ya watoto, ambao kichwa chao kinapita chini ya reli ya mtu mzima. Halafu zingatia mambo ya kila siku: taa ya betri ngazini, na hakuna ndala wala ndoo kwenye vipandio.

16. Tayari nina grili. Si inatosha?

Inategemea iko upande gani. Ikiwa ndani, kati yako na kioo, na nondo zimekaribiana, basi ndiyo inayokupokea na kioo hakiguswi. Ikiwa nje, inazuia mwizi na inazuia mtu kuanguka nje, lakini wewe utakutana na kioo kwanza. Grili nyingi za mjini ziko nje. Kwa dirisha la ngazini, jibu la swali la 15 linabaki palepale.

17. Ngazini nina madirisha ya luva. Yanahesabiwa?

IRC inazipa luva kanuni yake: vipande visipungue milimita 5 kwa unene, visizidi sentimita 122 kwa urefu, na kingo zilizo wazi ziwe laini. Kwa hiyo kisheria huko zinapita. Mimi bado ningezitoa kando ya ngazi. Zikiwa wazi, kingo zake zinamtazama anayepanda usawa wa uso, na vishikizo vikilegea kipande huchomoka kwa kuvutwa tu.

18. Mimi ni mpangaji.

Zungumza na mwenye nyumba kuhusu reli. Ni gharama ndogo na inabaki kuwa mali yake. Wakati mnazungumza, utando wa swali la 5 unaweza kuubandika wewe.

## Mambo ya pembeni

19. Kioo cha kujitazamia kwenye lendingi?

Kilichobandikwa ukutani kwa gundi uso wote hakidaiwi kuwa cha usalama, kwa sababu ukuta unakibeba na vipande havina pa kwenda. Kilichoning'inizwa kwenye msumari mmoja ni habari nyingine, kihamishie chumbani.

20. Nyumba yetu ya urithi mjini ina ngazi za mbao na vioo vidogovidogo vya rangi. Tuvitoe?

Msivitoe. Mwongozo wa Uingereza unaruhusu vipande vidogo vya kioo cha kawaida, vyenye upana usiozidi sentimita 25 na eneo lisilozidi nusu mita ya mraba, kwa unene wa milimita 6. Vioo vya zamani huwa vyembamba kuliko hapo, lakini reli ya mbao iliyochongwa kufanana na ile ya ngazi italinda watu na kuacha vioo vya babu mahali pake. Kagueni pia mbao za fremu kama zimeliwa na mchwa kabla ya kufunga chochote.

21. Nina vipandio vitatu tu vya kupanda barazani, na dirisha la sebule liko pembeni. Hizo nazo ni ngazi?

Ndiyo. Hapo wageni huvua viatu, mvua inaingia, na wazee wanashika ukuta wakipanda. Pima kama swali la 6.

22. Kioo kimepasuka na mtu amekatwa. Tuanzie wapi?

Bana jeraha kwa kitambaa safi, kanga ikiwa ndiyo iliyo karibu, na usiachie. Inua mkono au mguu juu. Kama kipande kimezama mwilini usikichomoe. Bana pembeni yake, maana huenda ndicho kinachoziba mshipa. Damu ikiruka kwa mapigo au isipopungua, mpeleke hospitali mara moja huku mkiendelea kubana. Kwa Tanga mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Mwenzenu mmoja abaki kufunga ngazi ili mtoto asipite pekupeku, kisha vipande vilivyobaki kwenye fremu vitolewe kuanzia juu kushuka chini, kwa glavu nzito na viatu vya kufunika.